Je, wajua kwa nini tamthilia tulivu za mapenzi za Kijapani hupendwa ingawa hutabirika?

Mtazamaji wa tamthilia tulivu ya mapenzi kutoka Japani huwatambua mapema wawili watakaopendana, na bado hurudi kila wiki hadi mwisho. Kwa muda mrefu niliamini kwamba kutabirika huko kulitokana na uvivu wa waandishi, na kwamba watu walivumilia hadithi kwa ajili ya sura za waigizaji tu. Nilikosea, tena kwa namna mbili.

Kosa la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kinachotabirika ni mwisho. Katika Tokyo Love Story, iliyorushwa na Fuji TV mwaka 1991 kwa sehemu 11, kila Jumatatu saa 3 usiku, Rika anampenda Kanji waziwazi, lakini Kanji anamwoa Satomi. Aliyebashiri kwa mazoea alikosea.

Kosa la pili lilikuwa kuuona mpangilio kama ufinyu wa ubunifu. Televisheni ya Japani huanza tamthilia mpya Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na nyingi huwa na sehemu 10 au 11 hivi. Kwa hiyo mwandishi hupewa umbo kabla hajaandika neno. Msikilizaji wa tarbia analijua jambo hili vizuri: ubeti wa kwanza ukishapita, anazijua mizani na pengine hata kina kitakachofunga mshororo, ila hajui ni neno gani litakalokibeba. Kwa kuwa hahangaiki na umbo, sikio lake lote huelekea kwenye neno hilo, na neno dogo lililowekwa pake humsisimua kuliko ambavyo lingemsisimua katika mazungumzo ya kawaida.

Ndivyo ilivyo katika tamthilia hizi. Swali la nani atampenda nani likishajibiwa, linabaki la lini na kwa namna gani, na hapo vitu vidogo hupata uzito. Kipo kitendo kiitwacho kokuhaku, yaani tamko la wazi la mapenzi ambalo kwa desturi huanzisha uhusiano. Si posa, lakini baada yake wawili hao hawawi tena marafiki tu. Kuna pia majina: watu wasiozoeana huitana kwa jina la ukoo likifuatiwa na -san, kiambishi cha heshima, na siku mmoja anapothubutu kutumia jina la kwanza, hatua kubwa imepigwa bila mkono kuguswa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na Leavitt na Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, uliona kwamba wasomaji walizifurahia zaidi hadithi fupi walizokwisha kuambiwa mwisho wake. Hata hivyo, hizo zilikuwa hadithi za kusomwa, na tafiti nyingine baadaye zilipata matokeo ya kinyume, hivyo ushahidi huo hautoshi kufunga mjadala.

Kilichonipotosha mimi kilikuwa karibu zaidi. Nilitegemea tafsiri ya maandishi chini ya skrini, ambayo mara nyingi huandika jina la kwanza tangu mwanzo na kuiacha -san, kwa hiyo hatua ile kubwa ilipita mbele yangu bila alama yoyote. Nilipoanza kuyasikiliza majina yenyewe, sehemu nilizoziona tupu zilikuwa zimejaa.