Stima inayozunguka kwa pete bila betri: mahali watu wanachanganyikiwa

Juzi kwa stage ya Kawangware kijana mmoja fundi wa simu alinionyesha video, jamaa anasema wanasayansi wana pete ndogo ambayo stima inazunguka ndani bila betri na haiishi. Akaniuliza, mwalimu, si tufunge hiyo kwa nyumba tuachane na tokeni?

Pete zipo, hilo ni kweli. Stima ya bure ndiyo haipo. Pete ikiwa ndogo kuliko unene wa unywele na ikipozwa hadi kama digrii 1 juu ya sifuri kamili, wimbi la elektroni linazunguka yote bila kuvurugika, na ukipitisha usumaku katikati, ile hali ya chini kabisa ya nishati inakuwa na mkondo ndani yake. Chini kabisa manake hakuna pa kushuka tena, sasa hiyo balbu itachota nishati wapi? Na mkondo wenyewe ni nanoampea hivi ama chini yake, yaani ampea 1 ukiigawa mara bilioni.

Wengine wanasema ah, hiyo ni supakonda tu, yaani kitu kinachopitisha stima bila ukinzani wowote. Si supakonda. Wanafizikia Büttiker, Imry na Landauer walisema mwaka 1983 kwamba hata metali ya kawaida yenye uchafu, ambamo elektroni zinagongagonga, inaweza kubeba mkondo huo. Mwaka 1990 ukapimwa kwa pete za shaba milioni 10 pamoja, juu mkondo wa pete moja ni hafifu mno. Halafu 2009 watu wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, wakabandika pete za alumini kwenye ncha ya ulimi mwembamba wa silikoni, wakatumia sumaku kali inayoua usupakonda, na mtetemo wa ulimi ukabadilika kufuatana na mkondo.

Sasa doti ya kwantamu, hapa ndipo mimi napapenda. Watu hudhani ukiiweka njiani kwa pete inakuwa kizibo. Mara nyingi ni kweli, doti ni kichumba kidogo mno cha kufungia elektroni chache, na elektroni iliyo ndani inasukuma nyingine isiingie. Lakini ikibaki elektroni moja isiyo na mwenzake na baridi ikizidi, elektroni za pete zinaizunguka kama wingu zinaficha spini yake, yaani ule usumaku mdogo wa elektroni, kitu tunaita Kondo kwa jina la Mjapani Jun Kondo aliyeeleza chanzo chake kwa metali mwaka 1964, na njia inafunguka! Ila pete lazima iwe kubwa kuliko wingu, nalo laweza kufika mikromita nzima. Pete ikiwa ndogo wingu halitoshei na mkondo unabaki mdogo.

Kijana akachora pete nyuma ya risiti, doti akaiweka kando. Na hapa je, si iko nje ya njia? Nikamwambia hapo mambo yanageuka, Kondo ile ile inazuia, kwa sababu wimbi linalopita moja kwa moja na lile linalopitia doti yanafutana.