Bakteria wa Tumboni mwa Wadudu Waharibifu: Dhana Potofu na Ukweli

Kila msimu wa embe, Unguja na Pemba, husikika kauli kwamba funza huzuka wenyewe ndani ya tunda lililoanza kuoza. Ukweli ni kinyume chake. Nzi wa matunda aitwaye kitaalamu Bactrocera dorsalis, mwenye asili ya Asia na aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, huitoboa embe ikiwa bado nzima mtini, akataga mayai chini ya ganda na kuacha humo bakteria waliotoka tumboni mwake. Bakteria hao huilainisha nyama ya tunda, na funza wakianguliwa hukuta chakula tayari. Embe iliyoanguka ikiachwa chini ya mwembe, funza hutoka, wakajichimbia udongoni na kuibuka nzi wapya. Ndiyo maana inapasa kuokotwa mapema na kufukiwa kwa kina.

Dhana yenye madhara makubwa zaidi, kwa maoni yangu, inahusu dawa. Mdudu asipokufa, wengi huamua kwamba kipimo kilikuwa kidogo, wakaongeza. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walieleza habari za mdudu anyonyaye maharage, ambaye kila kizazi humeza bakteria wa jamii ya Burkholderia kutoka udongoni na kuwahifadhi tumboni. Katika udongo uliomiminiwa dawa ya fenitrothioni mara kwa mara, waliongezeka bakteria wenye uwezo wa kuivunjavunja sumu hiyo, na mdudu aliyewabeba akaistahimili bila urithi wake mwenyewe wa kijeni kubadilika. Kwa hali kama hiyo, mkulima anayezidisha dawa huwalea bakteria wanaomlinda adui yake. Haifai hata hivyo kudai kwamba kila usugu hutokana na bakteria, kwani mara nyingi chanzo ni mabadiliko katika urithi wa mdudu mwenyewe, na viwavi wengi hawana hata bakteria wa kudumu tumboni.

Kwa upande wa minazi, mabuu ya chonga, yaani mbawakawa anayeshambulia minazi, hayali mnazi ulio hai. Hukaa katika magogo yaliyooza na samadi, ambamo bakteria wa utumbo wao huwasaidia kumeng'enya masalia magumu ya mimea, na anayetoboa kilele cha mnazi ni chonga mzima. Kuondoa magogo hayo ni kuondoa mazalio yake.

Wapo pia wanaodhani kwamba manufaa pekee ya elimu hii ni kuwaua bakteria, kumbe wakati mwingine hufaa kuwarudisha. Unguja iliondokana na mbung'o katika miaka ya 1990 kwa kuachiliwa kutoka kwenye ndege madume waliofanywa tasa kwa mionzi, ili majike wanaopandana nao wasizae, na mbinu hiyo hutumika pia dhidi ya nzi wa matunda katika nchi mbalimbali. Katika nzi wa matunda wa Mediterania, mionzi hiyo hupunguza bakteria wenye manufaa tumboni, na majaribio yameonyesha kwamba madume wakirudishiwa bakteria hao kwenye chakula, hushindana vizuri zaidi na madume wa porini katika kupata majike.