Wiki Mbili za Kukosa Raha Zatosha Kukuleta Kliniki

Tangu Mahakama Kuu ya Kenya itoe uamuzi wake kuhusu jaribio la kujiua Januari 2025, kuna swali sisi wahudumu wa afya ya akili tunaloulizwa hapa Mombasa, Kongowea, Likoni, kila mahali: "Nikisema nimefikiria kujiua, si nitaitiwa polisi?" Hapana. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la kifungo kisichozidi miaka 2, faini, au vyote viwili, kilitangazwa kuwa kinakiuka Katiba. Tena hata zamani kosa lilikuwa jaribio. Kumwambia daktari yaliyo moyoni hakujawahi kuwa kosa. Tumelieleza hili sana, na bado watu wanatufikia wamechelewa.

Basi jiulize kuhusu siku 14 zilizopita. Usingizi unakuja? Chakula kinapita? Baraza ya jioni, mpira, vitu ulivyovipenda, bado vina ladha? Watoto unawakemea kwa jambo dogo? Kichwa na mgongo vinauma na vipimo havionyeshi kitu? Ikiwa siku mbaya zimezidi nzuri, njoo. Si lazima uwe umeokota makopo barabarani ndipo uitwe mgonjwa, na fikra hiyo inatuumiza sana sisi tunaohudumia watu.

Wengine hutafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha, kuondoa mawazo. Muguka hukukesheza, na kukipambazuka mawazo yako palepale, usingizi ndio umekwenda. Dawa ya usingizi ya kuazima kwa jirani pia usimeze. Kisomo na maombi hatukatazi. Yaendelee, na kliniki iendelee.

Ukifika kituo cha afya, sema pale mapokezi, "Nataka kliniki ya afya ya akili." Yatosha, walio kwenye foleni hawana haja ya kujua zaidi. Beba kitambulisho na dawa zote unazotumia, za miti shamba zikiwemo. Utapimwa presha, kisha utaulizwa maswali ukiwa peke yako. Jamaa huitwa baadaye, kwa ridhaa yako. Siri hiyo ina mpaka mmoja: maisha yakiwa hatarini, tutamhusisha mtu wa karibu. Anayehitaji uangalizi zaidi hupewa barua ya rufaa, mathalani kwenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya Port Reitz.

Mambo yakizidi usiku, usikae peke yako. Mwamshe mtu, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu bila malipo, au nenda idara ya dharura iliyo karibu. Dawa zilizo nyumbani mpe huyo uliyemwamsha azishike yeye.