Posho ilipokwisha, nani alibisha hodi?

Kila ninapowekewa mezani waraka wa «mwelekeo wa kimkakati» wa huduma za jamii, naruka maneno ya ufunguzi natafuta kitu kimoja: nani atafika mlangoni kwa mwenye shida, na kwa nauli ya nani? Mimi ni asistanti sosyali, yaani ofisa wa ustawi wa jamii, hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), na kazi yangu nimeifanyia zaidi Katuba na Kenya, komini (manispaa) mbili za mji huu, kwa miguu.

Mji huu unajua ustawi unaoletwa na tajiri mmoja. Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni iliyoanzishwa 1906, ilimpa mfanyakazi nyumba ya kambi, hospitali, shule ya watoto, na posho ya unga. Mama alikwenda fuaye, kituo cha jamii, kujifunza kushona na kulea. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ikaurithi mtindo huo. Miaka ya 1990 uzalishaji ukaporomoka, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaagwa kwa mpango wa kuondoka «kwa hiari», Benki ya Dunia ikilipia. Hiari hiyo wazee wa kambi wanaicheka hadi leo, kicheko kikavu. Baba alipopoteza kazi, mtoto alipoteza shule na mama akapoteza daktari, kwa sababu haki zote zilikuwa zimeandikwa kwenye kadi ya baba.

Ndiyo maana naogopa idara ya serikali inapoota kuwa tajiri mpya, yenye magunia ya mchele na fulana. Gunia likiisha, uhusiano nao umeisha. Haki inatakiwa imfuate mtu, awe na kazi au hana. Kwenye karatasi tuko vizuri: tuna sheria ya kumlinda mtoto ya 2009, na ya watu wenye ulemavu ya 2022. Tatizo ni safari ya kutoka karatasini hadi avenyu.

Chukua cheti cha indizhans, kile kinachothibitisha kwamba mtu hana uwezo. Mjane mmoja muuza makala (mkaa) alikihitaji ili mwanawe atibiwe. Ofisi moja ikamtuma kwa shefu wa kartiye (mkuu wa mtaa), shefu akamrudisha na barua, barua ikakosa muhuri. Safari tatu za teksi-basi ili athibitishe kwamba hana nauli! Mara ya tatu aliniuliza, akiniita mkubwa wake, «Yaya, kama ningekuwa na hizi pesa, ningekuja kwenu?» Sikuwa na jibu.

Wenzake wa likelemba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, walikuwa wanajua. Zamu yake ya kuchanga ilipopita mara mbili bila kitu, walinyamaza, wakamletea bukari (ugali) jioni. Mtandao wa idara ulio bora kuliko wote ni huo, na haumo kwenye mchoro wowote wa ofisi. Simaanishi tuwageuze akina mama hao kuwa makarani wetu bila malipo. Wana biashara zao. Namaanisha wawe na mtu mmoja wa kumwambia, anayejulikana kwa sura, ambaye kesho yake atatembea.

Fedha? Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inaelekeza asilimia 15 ya mrabaha kwa komini, sekta na shefri (eneo la chifu) ambako mgodi upo, na kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Kiasi kikubwa huishia kwenye majengo. Naelewa: jengo lina utepe wa kukata, mshahara wa mtu wa kubisha hodi hauna. Lakini nimeingia kwenye fuaye zenye rangi mpya na mlango uliofungwa kwa kufuli.

Ningeachiwa kipimo kimoja tu katika mwelekeo mzima, nisingehesabu magunia. Ningehesabu siku, tangu jirani ajue mpaka sisi tufike. Daftari langu lina safu mbili za tarehe hizo. Kwa yule mama wa makala, katikati yake kuna miezi minne.