Chupa inafaa, ndoo haifai: plastiki na kutu ya bahari

Kila nikipanda kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni, macho yangu huenda kwenye vyuma vya mpakani mwa maji. Chuma kinachoshinda chini ya maji hakiliki upesi kama kile kinachorushiwa mawimbi: kinaloa, kinakauka, kinaloa tena, huku chumvi ikijijenga na hewa ipo tele. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, na ndiyo inayoyafanya yapitishe umeme vizuri. Kutu nayo ni kazi ya umeme: chuma kinapoteza elektroni, oksijeni inazipokea.

Wengi huniuliza, kwa nini tusiyeyushe tu plastiki inayoshushwa na Mto Msimbazi tukaipaka kwenye chuma kuzuia kutu? Nilijaribu. Nilimwagia bamba la chuma plastiki ya ndoo iliyoyeyushwa, ikapoa na kung'aa, nikaliloweka kwenye maji ya bahari kutoka Msasani. Wiki ya tatu nilipenyeza ncha ya kisu ukingoni, ngozi yote ikabanduka kama ganda la ndizi. Chini yake maji ya kahawia, na kutu nyeusi iliyonata kidoleni. Plastiki ya ndoo haina cha kushikia chuma, tena ikipoa husinyaa. Afadhali chuma kitupu, maana kutu yake unaiona.

Chupa ya maji ni habari nyingine. Mifuko ilipigwa marufuku Juni 2019, chupa bado zimejaa. Geuza kitako uone namba 1 ndani ya pembetatu: hiyo ni aina ya plastiki iitwayo PET. Molekuli zake zimeungana kama mnyororo mrefu wenye vifundo vinavyofunguka. Pasha vipande vyake pamoja na glaikoli, kimiminika kizito cha jamii ya alkoholi, kwenye nyuzi 190 hadi 200 za Selsiasi, na zinki asetati kidogo ya kuharakisha. Baada ya saa kadhaa unapata uji mzito. Pale vifundo vilipofunguka pamebaki kama mikono iliyo wazi. Ukitia kigumishi, mikono hiyo inashikana upya na kuwa rangi ya poliyurethani, ambayo inakamata chuma barabara. Kigumishi chake kinadhuru mapafu, kwa hiyo barakoa ya kemikali ni lazima.

Ila rangi yoyote ikipakwa juu ya chumvi itavimba tu. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe, upake siku hiyohiyo. Anza na kingo na mishono ya kuchomelea, ndiko kutu inakoanzia.

Fundi mmoja wa boti Kunduchi alinionyesha nanga aliyoipaka foamu ya kufungia TV, aliyoiyeyusha kwa petroli. Nikaigonga kwa nyundo, ikameguka kama biskuti. Vipande hivyo vyote vingeishia baharini. Nikamwomba aniletee chupa. Wiki iliyopita kaja na viroba vitatu, vizibo keshavitoa vyote, maana kizibo ni ndugu yake ndoo.