Atachimenti kwenye gereji ya magari ya kasi: dhana potofu na ukweli wake

Kila muhula vijana wa vyuo vya ufundi hutafuta nafasi ya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, katika gereji za Nairobi zinazoyaongezea magari nguvu, zile ambazo Subaru na Evo (Mitsubishi Lancer Evolution) zimejaa uani. Hamu yao naipenda kwa dhati. Ila wengi hufika na mambo waliyoyaokota kwenye video na vijiweni, na mambo hayo huwala miezi mitatu ambayo hawataipata tena.

Dhana: Wiki ya kwanza nitafungua injini.

Wiki ya kwanza utaosha vipuri, na usiichukulie kuwa ni adhabu. Shafti ya tabo (turbo, feni inayosukumia injini hewa) huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Chembe za mchanga zilizosalia kwenye paipu ya oili zinatosha kuimaliza. Anayekupa karai la mafuta taa na brashi amekukabidhi uhai wa injini ya mteja. Bolti nazo zitie kwenye mifuko, kila kundi peke yake, na uandike zimetoka wapi.

Dhana: Nguvu ni tabo kubwa.

Hapa ndipo pesa nyingi za watu hupotelea. Nguvu hutokana na hewa na mafuta yanayoungua kwa wakati wake. Tabo kazi yake ni kusukuma hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya sita ya nguvu ambayo ingeitoa ikiwa Mombasa. Tabo inaweza kuziba pengo hilo, lakini italazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na hewa itatoka ikiwa na joto zaidi.

Kisha kuna petroli. Subaru nyingi za tabo zilizoundiwa soko la Japani zilipangiwa petroli ya okteni 98 hadi 100 (okteni ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kujilipukia), na super, petroli ya kawaida ya hapa, haifiki huko. Sasa funga tabo kubwa, acha kompyuta ya injini na mpangilio wake wa kiwandani, ukanyage mafuta. Sehemu ya mchanganyiko hujilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, injini inagonga, na pistoni inavunjika pale ringi zinapokaa. Baadaye utasikia watu wakisema Subaru ni mbovu.

Kwa hiyo fundi anapofungua laptopu kusoma mchanganyiko, sogea karibu. Petroli huungua sawasawa kwa uwiano wa 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta, kwa uzani. Injini ya tabo inapobanwa sana huongezewa mafuta hadi uwiano ushuke karibu 11 au 12. Muulize kwa nini amechagua namba aliyoichagua. Jibu lake hulipati darasani.

Dhana: Ekzosi ikipiga mabomu, gari lina nguvu.

Yale ni mafuta yanayoungulia ndani ya ekzosi badala ya ndani ya silinda. Hayaongezi nguvu hata kidogo, na joto lake huharibu kichujio cha moshi.

Dhana: Mkono wa fundi unatosha kukaza bolti.

Bolti za silinda hedi, kifuniko cha juu cha silinda, hukazwa kwa mpangilio maalum na kwa hatua, kwa spana ya toki inayopima nguvu ya kukaza. Zikikazwa kwa kukisia, hedi hukaa upande na gasketi huvuja. Mafundi wazuri niliowahi kufanya nao kazi hupima, hata walio na mikono mizoefu kabisa.

Dhana: Kwanza nguvu, breki zitafuata.

Mteja akitaka hivyo, mweleze kuhusu mteremko mrefu wa Mai Mahiu unaoshuka Bonde la Ufa. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu wa hewa, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Kuyabadilisha ni kazi ambayo mwanafunzi anaweza kuimudu mapema akisimamiwa, nami ningependa kila mmoja aijue kabla ya kugusa tabo.

Dhana: Daftari la atachimenti ni la kumridhisha mwalimu.

Lijaze kila jioni, namba zikiwa bado kichwani: gari gani, toki kiasi gani, nini kilibadilishwa, na msimamizi atie sahihi. Gari likibadilishwa injini, andika pia kwamba mwenyewe anapaswa kuiarifu NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, ili namba ya injini irekebishwe kwenye stakabadhi za umiliki. Na kabla ya kuripoti siku ya kwanza, ulize chuo chako na gereji ni bima ya nani itakayokulinda ukiumia, kisha ununue viatu vigumu vya kazi.