Kwa nini Elkhart hupigwa kalamu kabla ya Marekani nzima?

Je, wajua kuna wachumi ambao wakitaka kujua kama mambo yanaanza kuharibika Marekani, huchungulia kwanza kaunti moja ya jimbo la Indiana yenye watu laki mbili hivi? Ni kaunti ya Elkhart, yenye miji ya Elkhart na Goshen. Hapo ndipo hutengenezwa sehemu kubwa ya nyumba za magurudumu za nchi ile: trela na magari yenye kitanda, jiko na choo, ambayo familia huenda nayo mapumzikoni.

Sababu imo katika bidhaa yenyewe. Unga lazima ununuliwe, na dawa pia, lakini nyumba ya magurudumu inaweza kungoja mwakani. Isitoshe, wengi huinunua kwa mkopo. Mtu wa Texas akianza tu kuihofia kazi yake, jambo la kwanza analoahirisha ni hilo trela, na fundi wa Elkhart anarudishwa nyumbani kabla huyo wa Texas hajaguswa.

Mwaka 2006 viwanda vya Marekani vilipeleka kwa wauzaji nyumba hizo 390,000 na ushei. Mwaka 2009 hazikufika 170,000. Rais Obama alipofika Elkhart Februari 2009, ukosefu wa ajira ulikuwa umepita 15%, ilhali mwaka mmoja nyuma ulikuwa 4.7%. Baadaye ukakaribia 20%.

Udogo wa mji nao huongeza makali. Kazi 5,000 zikipotea Chicago, yenye nguvukazi ya mamilioni, asilimia ya wasio na ajira haitikisiki. Zipoteze mahali penye wafanyakazi laki moja tu, umeongeza pointi tano kwa mkupuo. Na anayepoteza kazi si fundi wa trela peke yake, kwa kuwa mshonaji wa makochi, muuza mbao na mama wa mgahawa wote wanakula kwenye sahani hiyo hiyo.

Kinyume chake pia hutokea, tena haraka. Aprili 2020, viwanda vilipofungwa kwa ajili ya korona, zaidi ya robo ya nguvukazi haikuwa na kazi. Kisha Wamarekani wakaogopa hoteli na ndege, wakakimbilia trela. Mwaka 2021 zilitoka takriban 600,000, rekodi, na waajiri wa Elkhart wakawa wanagombania watu. (Baadhi ya mafundi hao ni Waamishi, watu wa dini wanaosafiri kwa magari ya farasi. Mimi jambo hilo hunichekesha kila nikilikumbuka.)

Sasa, kuna mtego. Mwaka 2023 idadi ilishuka hadi kama 313,000, karibu nusu ya ile rekodi. Mtu angetarajia 2009 irudi, lakini asilimia haikuruka vile. Viwanda vingi vilipunguza siku za kazi badala ya kufukuza, na takwimu za Marekani humhesabu kuwa ana ajira yeyote aliyefanya kazi ya malipo hata kwa saa moja katika wiki ya uchunguzi. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta kazi kwa wiki nne haingii kabisa kwenye hesabu ya wasio na ajira. Kwa hiyo fundi aliyezoea siku tano akapewa tatu, mshahara wake umepukutika, lakini kwenye takwimu bado ana kazi.